Hofu Iliyozaa Riwaya

Waprotestanti wa kiinjili wa Marekani hawakuanza kwa kuipenda riwaya. Katika karne ya 19 wahubiri wengi waliitia kapu moja na dansi, karata na maigizo. Ilikula muda wa mtu, iliamsha tamaa, na juu ya yote ilisimulia mambo ambayo hayakutokea. Na jambo ambalo halikutokea, kwa fikra zao, lilikuwa jirani wa uongo. Vitabu vichache tu vilisalimika, vile vilivyoonekana wazi kuwa ni mahubiri yaliyovikwa hadithi. Cha kwanza kati ya hivyo ni kazi ya John Bunyan ya mwaka 1678, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Safari ya Msafiri.

Mlango ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa sharti. Riwaya ingepokelewa iwapo ingefanya kazi: kumwonya mwenye dhambi, kumtia moyo aliyeokoka, kumvuta anayesitasita. Mchungaji Charles Sheldon wa Topeka, Kansas, alilitimiza sharti hilo barabara. Mwaka 1896 alianza kuwasomea waumini wake, katika ibada za Jumapili jioni, hadithi ya washirika wa kanisa moja wanaoahidi kwamba kwa mwaka mzima hawatafanya lolote kabla ya kujiuliza Yesu angefanya nini. Hadithi hiyo, “In His Steps”, ilichapishwa huku hakimiliki yake ikiwa na dosari, hivyo wachapishaji wengi wakaichapa bila kumlipa mwandishi, nayo ikaenea kote. Baada yake Grace Livingston Hill, aliyefariki mwaka 1947, aliandika zaidi ya riwaya 100 za mapenzi safi, ambamo binti mcha Mungu hulindwa dhidi ya ulimwengu wa anasa hadi ampate mume anayesali.

Sharti hilo ndilo linaloeleza mengi yaliyofuata. Hadithi inayoruhusiwa kwa sababu tu inaitumikia kweli haichukui muda kusomwa kama kweli yenyewe. Ukuta kati ya riwaya na ushuhuda ulikuwa mwembamba tangu mwanzo, na hofu zilipozidi, katika miaka ya 1970 na 1980, watu waliupita bila hata kujua kwamba wameupita.

Hofu zenyewe zilikuwa na chanzo. Baada ya kesi ya Scopes ya mwaka 1925 huko Dayton, Tennessee, iliyohusu kufundishwa kwa nadharia ya mageuko ya viumbe shuleni, Wakristo wengi wenye msimamo mkali walijiondoa katika taasisi za umma wakajenga za kwao: vyuo vya Biblia, vituo vya redio, mashirika ya uchapishaji, na mwaka 1950 chama cha wauza vitabu vya Kikristo. Kisha dunia iliyokuwa nje ya ua huo ikaanza kubadilika kwa kasi. Mwaka 1962 Mahakama ya Juu iliamua kwamba shule za serikali haziwezi kuendesha sala rasmi. Mwaka 1963 ikakataza usomaji wa Biblia kama ibada shuleni. Mwaka 1973 ikatambua haki ya kutoa mimba. Talaka ziliongezeka. Akina mama wengi waliingia kazini na kuwaacha watoto wadogo mikononi mwa walezi wa kulipwa. Vijana walikuwa wakijifunza tafakuri za Kihindu na Kibudha, wakisoma nyota, wakisikiliza muziki ambao wazazi wao hawakuuelewa. Kwa mzazi aliyeamini kwamba nafsi ya mwanawe inaweza kupotea milele, mambo hayo hayakuwa suala la mitindo na ladha. Yalikuwa hatari ya kweli, na aliyatafutia maelezo.

Maelezo ya kwanza yalitoka katika fundisho la siku za mwisho. Mhubiri John Nelson Darby, mzaliwa wa London aliyefariki mwaka 1882, alifundisha kwamba Kristo atawanyakua waumini wake ghafla, ndipo waliobaki wapitie Dhiki Kuu chini ya Mpinga Kristo. Biblia yenye maelezo ya C. I. Scofield, iliyotolewa mwaka 1909, iliyaweka mafundisho hayo pembeni mwa Maandiko yenyewe, ukurasa kwa ukurasa, hata msomaji wa kawaida akashindwa kutenganisha sauti ya mtume na sauti ya mfasiri wake. Kuundwa kwa taifa la Israeli mwaka 1948 na kutwaliwa kwa Yerusalemu Mashariki mwaka 1967 kulichukuliwa kuwa saa inayogonga. Mwaka 1970 Hal Lindsey, akisaidiwa na Carole C. Carlson, alitoa “The Late Great Planet Earth”, kitabu kilichosoma unabii kwa macho ya vita baridi: Urusi, Soko la Pamoja la Ulaya na mabomu ya nyuklia vyote vilipata nafasi yake. Kiliuzwa kama kitabu cha ukweli na kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa zaidi Marekani katika muongo ule.

Miaka miwili baadaye ikaja filamu “A Thief in the Night”, iliyotengenezwa Iowa kwa fedha kidogo na kuzungushwa makanisani na katika kambi za vijana. Inamfuata msichana anayeamka na kukuta mumewe ametoweka, mashine ya kunyolea ikiendelea kunguruma. Watu wengi waliokua katika makanisa hayo wameeleza ukubwani jinsi walivyorudi kutoka shule, wakakuta nyumba kimya, wakaamini kwamba wazazi wamenyakuliwa na wao wameachwa. Filamu hiyo ililenga kumleta mtu kwa Mungu. Kwa watoto wengi ilichoacha ni woga wa nyumba tupu. Gharama hiyo haikuhesabiwa na watengenezaji, nayo ilistahili kuhesabiwa.

Maelezo ya pili yalikuwa Shetani mwenyewe, akifanya kazi kwa siri mtaani. Mwaka 1972 Mike Warnke alitoa “The Satan Seller”, akidai kwamba kabla ya kuokoka alikuwa kuhani wa kishetani mwenye wafuasi 1,500 huko California. Mwaka 1980 kulitoka “Michelle Remembers”, kumbukumbu za mwanamke wa Kanada aliyesema aliteswa utotoni na kundi la waabudu shetani, zilizoibuliwa katika matibabu ya kisaikolojia. Kitabu hicho hakikutoka kwa Waprotestanti, ila walikipokea kwa mikono miwili. Mwaka 1988 Lauren Stratford alitoa “Satan's Underground”, chenye madai mazito zaidi. Wakati huohuo tuhuma za aina hiyo zilikuwa zimefika mahakamani. Kesi ya shule ya chekechea ya McMartin, Manhattan Beach, ilianza kwa malalamiko ya mwaka 1983 na kumalizika mwaka 1990 bila mtu hata mmoja kutiwa hatiani, baada ya miaka ya maisha ya watu kuharibiwa. Mwaka 1992 Kenneth Lanning wa FBI aliandika ripoti akieleza kwamba ushahidi wa mtandao wa wauaji wa kishetani haukuwa umepatikana.

Waliotegua uongo huo wanastahili kutajwa kwa heshima, maana wengine walikuwa waumini wenyewe. Jarida la Kikristo la Cornerstone, la Chicago, lilifuatilia habari za Stratford na kuonyesha kwamba hazikuwa na msingi; mchapishaji akaondoa kitabu sokoni. Mwaka 1992 likachapisha uchunguzi wa Jon Trott na Mike Hertenstein kuhusu Warnke. Waliwatafuta rafiki zake wa chuoni, wakakusanya picha za miaka ileile aliyodai kuongoza ibada za giza, na waliyemkuta ni mwanafunzi wa kawaida. Kwa miaka 20 kitabu chake kilikuwa kimetumika kama hati ya ukweli.

Katika hewa hiyo ndipo Frank Peretti alipoandika. Alizaliwa mwaka 1951 Lethbridge, Kanada, akakulia Seattle katika familia ya Kipentekoste, akawahi kuwa mchungaji msaidizi katika kanisa dogo na baadaye kibarua wa kiwanda cha vifaa vya kutelezea thelujini. Riwaya yake “This Present Darkness” ilikataliwa na wachapishaji kadhaa kabla ya Crossway Books kuitoa mwaka 1986. Mwanzoni haikununuliwa sana. Habari zake zilipita kwa midomo, na mwimbaji Amy Grant alipoanza kuisifu mbele ya mashabiki wake, mauzo yakapanda hata kupita nakala milioni 2.

Jina la kitabu limechukuliwa katika Waefeso 6:12, mstari unaosema kwamba vita vya waumini si juu ya damu na nyama. Peretti aliuchukua mstari huo neno kwa neno na kuujengea mji. Ashton ni mji mdogo wenye chuo, gazeti moja na makanisa mawili matatu. Hank Busche ni mchungaji kijana wa kanisa linalotaka kumfukuza. Marshall Hogan ni mhariri aliyechoka na kelele za jiji kubwa. Kila mmoja kwa njia yake anagundua kwamba jumuiya fulani ya mambo ya kiroho ya kisasa inanunua mji kimyakimya, kuanzia chuo chenyewe, na kwamba profesa wa saikolojia anamvuta bintiye Hogan katika tafakuri zinazofungua mlango kwa pepo. Juu ya mapaa ya nyumba hizohizo malaika wenye panga na mapepo yenye mbawa za popo wanapigana. Maombi ya washirika ndiyo nguvu ya malaika: wazee wawili wakipiga magoti sebuleni, upanga angani unapata makali, wakichoka, jeshi linarudi nyuma.

Siri ya mvuto wa kitabu iko hapo. Mzee wa kanisa dogo, asiyesikilizwa na gazeti wala mahakama wala chuo kikuu, aliambiwa kwamba sala yake ya usiku inaamua hatima ya mji mzima. Hakuna riwaya nyingine ya kizazi kile iliyompa msomaji wake heshima kubwa kiasi hicho. Peretti pia alijua kusimulia: sura zake ni fupi, zinakatikia pabaya, na anazunguka kati ya polisi, wanahabari na malaika kwa kasi ya filamu ya upelelezi.

Lakini heshima hiyo ilikuja na bei. Katika Ashton, upinzani wowote una pepo nyuma yake. Mwanamke msomi, afisa wa serikali, mchungaji wa kanisa lenye msimamo wa wastani, wote ni vyombo vya adui, na tuhuma dhidi ya watu wema ni njama. Kitabu cha pili, “Piercing the Darkness” cha mwaka 1989, kinakwenda mbali zaidi. Mwalimu wa shule ya Kikristo ananyang'anywa watoto wake na maafisa wa ustawi baada ya kushtakiwa kwamba amemdhuru mwanafunzi, na wanasheria wa haki za kiraia wanaisukuma kesi hiyo kwa hila. Kilitoka wakati ambapo nchi nzima ilikuwa ikijadili tuhuma za watoto kudhuriwa. Ajabu ni kwamba jamii iliyokuwa tayari kuamini tuhuma za McMartin ndiyo iliyosoma riwaya hii ikiona tuhuma za namna hiyo kuwa silaha ya Shetani. Woga uleule ulielekezwa pande mbili, kutegemea mshtakiwa ni nani.

Wasomaji wengi hawakukisoma kitabu kama hadithi tu. Vikundi vya maombi vilianza kutaja roho zinazotawala mitaa, miji na taasisi, kuzifunga kwa jina, kuzunguka majengo kwa miguu wakiomba. Mafundisho kuhusu roho za himaya yalikuwa yakikuzwa pia na walimu kama C. Peter Wagner wa Seminari ya Fuller, lakini riwaya ndiyo iliyoyapa picha. Jambo hilo lilimsumbua msomi wa Agano Jipya Robert Guelich kiasi cha kuandika makala mwaka 1991 akilinganisha vita vya kiroho katika Injili na katika barua za Paulo na vile vya Peretti, akionyesha umbali uliopo kati yake. Makala ya kitaaluma haina mbio za riwaya.

Mkondo huo haukubaki Marekani. Barani Afrika ulikutana na imani za wenyeji kuhusu uchawi na nguvu zisizoonekana, na ukazaa vitabu vyake. Kilichovuma zaidi ni “Delivered from the Powers of Darkness” cha mwaka 1987, ushuhuda wa Mnigeria Emmanuel Eni kuhusu falme za chini ya maji na mapatano na nguvu za giza, ambao ulisambaa sana katika makanisa ya Kipentekoste. Kenya ilifika hatua ambayo Marekani haikufika: mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki, na ripoti yake ikawasilishwa bungeni mwaka 1999. Tume ilikubali kwamba ibada hizo zipo nchini, hata shuleni, ikitegemea sana shuhuda za watu. Masimulizi yaliyozoeleka vijitabuni yalikuwa sasa yanasomwa katika karatasi za serikali.

Marekani yenyewe ilirudi kwenye siku za mwisho kwa kishindo. Tim LaHaye, mchungaji wa California aliyekuwamo katika uongozi wa mwanzo wa Moral Majority, vuguvugu la kisiasa lililoanzishwa na mhubiri Jerry Falwell mwaka 1979, alikuwa na wazo la riwaya lakini hakuwa mtunzi. Alieleza kwamba wazo lilimjia ndani ya ndege, alipomwona rubani aliyevaa pete ya ndoa akimtongoza mhudumu wa abiria. Akajiuliza ingekuwaje unyakuo ungetokea saa ileile. Jerry B. Jenkins, mwandishi mzoefu, akaiandika. “Left Behind” ilitolewa na Tyndale House mwaka 1995, na inaanza hasa hapo: rubani Rayford Steele, usiku, juu ya bahari, akili yake iko kwa mhudumu Hattie Durham huku mkewe mcha Mungu akiwa amelala nyumbani. Kisha abiria wanatoweka, nguo zao zikibaki vitini. Mwisho wa dunia na uzinzi uliokuwa bado katika mawazo vinakutana katika sura moja, na hilo linaonyesha vizuri zaidi kuliko fundisho lolote ni wapi mioyo ya wasomaji ilikuwa inaumia. Maangamizi ya mataifa yalikuwa mbali. Ndoa iliyopoa ilikuwa chumbani.

Mpinga Kristo wa mfululizo huu, Nicolae Carpathia, ni mwanasiasa kijana wa Romania anayekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, anayehubiri amani na kupunguza silaha. Vita baridi vilikuwa vimekwisha, Urusi haikutosha tena kuwa adui, kwa hiyo nafasi yake ikachukuliwa na ushirikiano wa kimataifa wenyewe. Kwa nchi nyingi za dunia, ambako Umoja wa Mataifa ni mahema ya wakimbizi na chanjo za watoto, taswira hiyo ni ngumu kuelewa. Vitabu 12 vikuu vilitoka hadi mwaka 2004, vikafuatiwa na vya nyongeza, na mauzo yalipita nakala milioni 60. Kitabu cha tisa, “Desecration”, kilitoka wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11, na kikawa riwaya iliyouzwa zaidi Marekani mwaka 2001. Mtafiti Amy Johnson Frykholm, aliyewahoji wasomaji kwa ajili ya kitabu chake cha mwaka 2004, alikuta kwamba riwaya hizi zilipita kutoka mkono hadi mkono ndani ya familia na makanisa. Msomaji hakuwa peke yake. Mara nyingi alipewa kitabu na mtu aliyetaka aokoke.

Sambamba na riwaya za vita zilikuwapo riwaya za kimbilio, nazo pengine ndizo zilizodumu zaidi. Mwaka 1979 Bethany House ilitoa “Love Comes Softly” ya Mkanada Janette Oke. Marty, mjane kijana mwenye mimba, anakwama katika nyika za magharibi. Clark, mgane mwenye binti mdogo, anaomba wafunge ndoa kwa ajili ya mtoto, akiahidi kumlipia nauli ya kurudi kwao majira ya kuchipua yakija. Mapenzi yanakuja polepole, kupitia kazi za nyumbani na sala za mezani. Wakati talaka zilikuwa zikiongezeka, hapa palikuwa na ndoa iliyoanza bila mapenzi na ikasimama. Wanawake waliikimbilia, na soko zima la mapenzi ya Kikristo likajengwa juu yake. Beverly Lewis alilihamishia kwa Waamishi, Wakristo wanaojitenga na maisha ya kisasa, huko Lancaster, Pennsylvania, kwa “The Shunning” ya mwaka 1997, na tangu hapo maduka yakajaa majalada yenye msichana mwenye kofia ya kitambaa.

Nyuma ya riwaya hizi alikuwapo mlinzi asiyeonekana kwenye jalada, yaani duka. Mchapishaji aliyetaka kuuza katika maduka ya Kikristo alijua yasiyopita: matusi, pombe isiyoadhibiwa, mapenzi nje ya ndoa yaliyoelezwa waziwazi, mafundisho yenye shaka. Hakuna sheria ya serikali iliyohitajika. Mama mmoja akirudisha kitabu dukani kwa hasira alitosha kumfanya mhariri wa mbali akate aya. Kwa hiyo dhambi ilitajwa zaidi kuliko kuonyeshwa, na toba ilikuja kwa wakati uleule, karibu na mwisho. Francine Rivers alijua uzito wa mlinzi huyo. “Redeeming Love”, inayosimulia upya kisa cha nabii Hosea katika California ya wachimba dhahabu, ilitoka kwanza mwaka 1991 kwa mchapishaji wa kawaida. Ilibidi irekebishwe kabla ya kutolewa na mchapishaji wa Kikristo mwaka 1997, ingawa Biblia yenyewe inamtaja mke wa Hosea bila kumpaka rangi.

Duka lilichuja mengine pia bila kusema. Mji mdogo wa Peretti, nyika ya Oke na shamba la Waamishi ni mahali pa Wazungu. Waandishi Wamarekani weusi, waliokuwa na mapokeo yao marefu ya imani, walijipatia wasomaji zaidi nje ya mfumo huo. “Temptation” ya Victoria Christopher Murray, ya mwaka 2000, inaanzia katika ndoa na kanisa vilevile, lakini ilijenga soko lake kupitia wachapishaji wengine na vilabu vya kusoma vya wanawake weusi.

Mfumo ulitikisika kwanza kutoka ndani. William Paul Young aliandika “The Shack” kwa ajili ya watoto wake. Wachapishaji wa Kikristo walipokikataa, rafiki zake wakakitoa wenyewe mwaka 2007. Baba aliyepoteza binti kwa mikono ya muuaji anakutana na Mungu Baba katika sura ya mwanamke mweusi anayepika. Walimu wengi wa teolojia walikilaani; wasomaji, ambao wengi walikuwa wamefiwa, walinunua zaidi ya nakala milioni 10. Kitabu hakina Mpinga Kristo wala njama. Swali lake ni kwa nini Mungu hakuzuia, na kwa swali hilo riwaya za vita hazikuwa na jibu ila kuongeza idadi ya mapepo.

Kisha maduka yenyewe yakafungwa. Mwaka 2017 Family Christian ilifunga maduka yake yote, takriban 240. Mwaka 2019 LifeWay, tawi la Wabaptisti wa Kusini, likatangaza kufunga maduka yake 170 na kubaki na mauzo ya mtandaoni. Waandishi wa riwaya za unyakuo, za mapepo na za mapenzi safi sasa wanaweza kumfikia msomaji moja kwa moja kupitia maduka ya kielektroniki, bila mhariri wa kanisa wala mwenye duka kati yao.